Mchinjaji na Amana ya Kisu: Mhadhara juu ya Wachinjaji wa Kiyahudi, Uliosomwa Lumemo, Ifakara



Katika kazi zote ambazo mtu huwafanyia wenziwe, sijui nyingine inayohitaji kuaminiwa kama kazi ya kuchinja. Maana tendo lenyewe hupita kwa muda wa kufumba na kufumbua, na nyama ikiisha kuchunwa, kupasuliwa na kutundikwa buchani, haina ulimi wa kutoa ushahidi kwamba kisu kilikuwa kikali au butu, kwamba mkono ulikwenda moja kwa moja au ulisita katikati ya koo, kwamba jina la Mola lilitajwa au lilisahauliwa. Mama anayenunua nusu kilo sokoni Ifakara hana njia ya kuyajua hayo. Anachonunua, pamoja na nyama, ni neno la mtu ambaye aghalabu hajapata kumwona. Nimeombwa niseme juu ya wachinjaji katika dini ya Kiyahudi, nami nitaeleza habari zao kwa kadiri ya ujuzi wangu, lakini neno langu kubwa ni moja: kwamba Wayahudi, ambao wameipanga sheria ya machinjo kwa undani kuliko taifa jingine lolote nilijualo, walitambua mapema kuwa haitoshi kumwekea sheria mnyama na kisu, ila sharti afungwe kwa sheria mchinjaji mwenyewe, elimu yake, tabia yake na hata ujira wake.

Yamkini yuko anayejiuliza Wayahudi wana nini na bonde la Kilombero, ambalo Mndamba, Mpogoro na Mmbunga wamelilima mpunga tangu zamani, na ambalo katika miaka ya karibu limepokea wafugaji wa Kisukuma na makundi yao ya ng'ombe. Jawabu ni kwamba hapa Waislamu na Wakristo hununua nyama katika bucha moja, na mambo yaliyowasumbua walaji wa Kiyahudi kwa karne nyingi ndiyo hayo hayo yanayotugusa sisi; fauka ya hayo, Wayahudi weusi wenye kisu chao wenyewe hawako ng'ambo ya bahari, wako Mbale, nchini Uganda, na habari yao ni sehemu ya historia yetu ya Afrika ya Mashariki.

Asili ya sheria yenyewe ni Taurati. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 12, chamruhusu Mwisraeli aliye mbali na madhabahu achinje mnyama wake nyumbani kwake kwa namna alivyoamriwa. Lakini msomaji akivipekua vitabu vyote vitano vya Musa hataiona namna hiyo imeelezwa mahali popote, na kwa sababu hiyo wanazuoni wao hushikilia kwamba maelezo yalipokewa kwa mdomo, mwalimu akimpa mwanafunzi, hata yalipoandikwa katika Mishna na kufafanuliwa katika Talmudi, ndani ya kitabu kiitwacho Hullin. Baada ya Hekalu la Yerusalemu kubomolewa na Warumi mwaka 70, dhabihu za madhabahuni zilikoma na makuhani wakakosa kazi yao, lakini kuchinja hakukukoma, kwa kuwa kulikuwa kumekwisha kutoka mikononi mwa makuhani kukaingia katika kila mji na kila jiko. Mishna yasema bayana kuwa kila mtu aweza kuchinja, isipokuwa asiyesikia wala kusema, mwenye wazimu na mtoto. Hata mwanamke hakukatazwa katika asili ya sheria, ingawa desturi za baadaye katika nchi nyingi ziliiacha kazi hiyo kwa wanaume. Aliyetengwa kabisa ni mtu asiye Myahudi: akichinja yeye, hata kwa kisu bora na mkono mzoefu, mnyama huyo kwao ni kibudu.

Hapo Uislamu na Uyahudi hutofautiana, maana Sura ya Al-Maida imewahalalishia Waislamu chakula cha watu waliopewa Kitabu, ilhali Myahudi hali nyama ya mchinjo wa Mwislamu wala wa Mkristo. Katika mambo mengine ndugu hawa hukaribiana sana: wote wameharamishiwa damu, wote wameharamishiwa nguruwe na mnyama aliyekufa mwenyewe, na wote hukata shingo kwa kisu kikali kwa kumtaja Mwenyezi Mungu.

Nitakaa kidogo juu ya kisu, kwa sababu hapo ndipo moyo wa kazi ulipo. Kisu cha mchinjaji wa Kiyahudi hakina ncha; mwisho wake umekatwa mraba, ili pasiwe na kitu cha kuchoma au kudunga, na urefu wake hupimwa kwa shingo ya mnyama, uwe angalau maradufu ya upana wake, hata kisu cha ng'ombe kikawa kirefu kama dhiraa ya mkono na cha kuku kikawa kifupi cha kutosha kushikwa kwa vidole. Kabla ya kuchinja, mchinjaji hukipitisha kisu polepole juu ya nyama ya ncha ya kidole, kisha juu ya ukucha, makali yenyewe na pande zake mbili, kwenda na kurudi, akisikiliza kwa ukucha kile ambacho jicho haliwezi kukiona. Na akihisi pengo dogo mno, dogo kama la kunasa uzi wa hariri, kisu hicho hakichinji hata kirudishwe kwenye kinoo na kukaguliwa upya tangu mwanzo. Mnyama akiisha kuanguka, kisu hukaguliwa mara ya pili, na lau likionekana pengo wakati huo, nyama yote ya fahali huyo, iwe na thamani yoyote, ni kibudu kwa Wayahudi. Watu wanaosema kwamba dini hizi za kale hazikumjali mnyama wangefanya vema wakatazame mtu mzima aliyeinama juu ya kisu kwa muda mrefu, akitafuta kwa ukucha kasoro ambayo hakuna mwingine duniani angeijua kama ipo.

Kuchinja kwenyewe huanza kwa kumhimidi Mungu aliyewatakasa watu wake kwa amri zake na kuwaamuru juu ya machinjo, na himidi moja yatosha kwa wanyama wengi wanaochinjwa mfululizo pasipo kukatizwa na maneno mengine. Katika mnyama wa miguu minne lazima kukatwe sehemu kubwa ya koromeo na sehemu kubwa ya umio pia. Katika ndege yatosha kimoja kati ya viwili. Mambo yanayobatilisha mchinjo ni matano, na kila mwanafunzi wa kazi hii huyahifadhi kama anavyohifadhi jina lake: mkono ukisita katikati, ingawa kwa dakika ndogo, kisu kikikandamizwa badala ya kupelekwa na kurudishwa, kwa maana uzito wa mkono haupasi kufanya kazi ya makali, kisu kikizama chini ya ngozi au sufi hata kikafichika, mkato ukitoka nje ya mipaka ya shingo iliyowekwa, juu au chini, na koromeo au umio vikingoka mahali pake badala ya kukatwa. Utaona kuwa hakuna hata moja katika hayo linaloweza kuthibitishwa na mlaji. Yote ni siri baina ya mchinjaji na Mola wake, na mchinjaji ambaye mkono wake ulisita naye akanyamaza amekula haramu nyingi na amewalisha haramu watu wa mji mzima.

Juu ya sababu ya sheria hizi wanazuoni wao wana rai mbalimbali. Moshe ben Maimon, yule tabibu na mwanafalsafa wa karne ya 12 aliyefia Misri, ambaye Waarabu humwita Musa bin Maimun, aliona kuwa, maadamu mwanadamu amehitaji nyama, Sheria ilikusudia mauti ya mnyama yawe mepesi kwa kadiri iwezekanavyo. Wengine kabla yake walisema kwamba Mungu hana haja na koo wala kisogo, bali amri zake zimekusudiwa kumsafisha mwanadamu azishikaye. Mimi naona rai hizi mbili hazipingani, kwa sababu anayezoezwa kumwonea huruma mnyama asiyeweza kumshitaki amekwisha kuzoezwa jambo kubwa. Hata nje ya machinjo yenyewe Taurati imeweka mipaka ya namna hiyo: mama na mtoto wake wasichinjwe siku moja, na damu ya ndege na ya mnyama wa porini ifunikwe kwa mchanga.

Baada ya kisu huja mkono. Mnyama mkubwa akiisha kuchinjwa, kabla hajapasuliwa kabisa, mkaguzi, ambaye mara nyingi ndiye mchinjaji yule yule, hutia mkono wake ndani ya kifua na kupapasa mapafu mahali yalipo, ayajue yameshikamana na mbavu au la. Kisha huyatoa nje, huyachunguza upande kwa upande, na akiuona utando uliogandamana huumenya kwa vidole taratibu, hulipuliza pafu hata lijae hewa, hulitia maji ya uvuguvugu mahali pale, akatazama. Povu likitoka, pafu lina tundu, na mnyama ameharamika. Mishna yataja aina 18 za majeraha na maradhi yanayomharamisha mnyama hata kama alichinjwa vizuri, lakini mapafu ndiyo yaliyopewa ukaguzi wa lazima, kwa kuwa kasoro zake ni nyingi kuliko za viungo vingine. Wafugaji wetu wa bondeni hawatashangaa kwa hilo. Ng'ombe aliyewahi kuugua homa ya mapafu akapona huweza kubaki na pafu lililoshika ubavuni kwa maisha yake yote, akaonekana mzima, mwenye manyoya yanayong'aa. Na bwana mifugo anayepasua mapafu machinjioni kabla ya kugonga muhuri wake wa zambarau juu ya paja anatafuta mambo yasiyokuwa mbali sana na yale anayotafuta mkaguzi wa Kiyahudi, ingawa mmoja anatumwa na sheria ya serikali na mwingine na sheria ya dini yake.

Ya baada ya hapo nitayapitia kwa haraka, maana ni kazi ya mwuza nyama na ya mama wa nyumbani zaidi kuliko ya mchinjaji: mafuta fulani ya tumboni huondolewa, mshipa wa paja huondolewa kwa ukumbusho wa Yakobo aliyeteguka nyonga aliposhindana na malaika, nyama hulowekwa majini kwa nusu saa, hutiwa chumvi kwa saa nzima ili damu itoke, kisha huoshwa, na ini, lenye damu nyingi isiyotolewa na chumvi, huokwa motoni.

Sasa nimfikie mtu mwenyewe. Zamani za Talmudi mchinjaji alilazimika kumwonyesha kisu chake mwanachuoni wa mji, na aliyepuuza hilo alitengwa na jamaa na kuondolewa kazini. Hakutengwa kwa sababu kisu chake kilionekana kibaya, alitengwa kwa sababu alijiona hahitaji kuonekana. Baadaye ikawa desturi kwamba asichinje ila mwenye ijaza, yaani hati aliyopewa na mwanachuoni baada ya kusomeshwa sheria, kutahiniwa, na kuonekana akichinja kwa mkono usiotetemeka; na hata mwenye ijaza hupaswa kuzidurusu sheria zake mara kwa mara, kwa sababu mazoea ya kila siku humfanya mtu asahau alichokijua. Yosef Karo, alipoitunga ile sharia kubwa iliyochapwa Venice mwaka 1565 na ambayo Wayahudi wengi huifuata hata leo, aliianza sehemu ya halali na haramu kwa hukumu za kuchinja, akizitanguliza mbele ya mambo mengine yote ya vyakula. Mchinjaji anatakiwa awe mcha Mungu mbele ya watu na faraghani. Mlevi hafai, mwenye mkono dhaifu hafai, na aliyejulikana kuwa fasiki, ingawa kisu chake ni wembe, mchinjo wake hauliwi.

Juu ya ujira wamesema neno ambalo ningependa liandikwe katika kila machinjio ya nchi yetu. Mishna yamtaja mtu mmoja wa Yavne, jina lake Ila, aliyekuwa hodari wa kuwakagua wazaliwa wa kwanza wa mifugo ili ijulikane kama wana kasoro, na wanazuoni walimruhusu apokee ujira wa sarafu ndogo nne kwa mnyama mdogo na sita kwa mkubwa, kwa sharti alipwe sawa, mnyama aonekane ana kasoro au hana. Hekima yake iko wazi. Mkaguzi anayelipwa pale tu nyama inapopita atajifunza kuona mapafu mazuri. Lakini anayelipwa ujira ule ule, akihalalisha au akiharamisha, hana sababu ya kusema uongo. Jumuiya nyingi za Kiyahudi zilifuata njia hiyo kwa wachinjaji, zikawalipa kutoka katika mfuko wa watu wote ili wasimtegemee mwenye bucha.

Na katika miji midogo ya Ulaya ya Mashariki, Yemeni au Moroko, ambako jumuiya haikuweza kuwalisha watumishi wengi wa dini, mara nyingi mtu huyo mmoja ndiye aliyechinja, akaongoza sala, akatahiri watoto na kuwasomesha. Kijiji kiliweza kukaa miaka bila mwanachuoni mkubwa, kikapeleka maswali yake mji wa mbali kwa barua. Bila mchinjaji kisingekaa mwezi mmoja, kwa kuwa meza ya Sabato ingekosa kuku, na harusi isingekuwa harusi. Ndiyo maana nasema kuwa, katika maisha ya dini ya watu wa kawaida, mchinjaji aliwagusa mara nyingi kuliko kiongozi mwingine yeyote, naye hakupata heshima iliyolingana na mzigo wake.

Kwa kuwa kisu ni amana, kisu pia hugawanya watu. Mwaka 1772, madhehebu ya Kihasidi yalipokuwa yanaenea katika Poland na Lithuania, wapinzani wao walipiga marufuku visu vya Kihasidi vilivyonolewa kwa namna mpya, na watu wa mji mmoja, wenye Taurati moja, wakaanza kutokula nyumba kwa nyumba. Ikhtilafu ya kisu ilikuwa ikhtilafu ya uongozi: asiyekula mchinjo wako amekataa ushahidi wako.

Jambo kama hilo liliwahi kumhusu mtu aliyejinasibisha na upande wetu wa dunia karne nyingi kabla ya hapo. Mwishoni mwa karne ya 9 alitokea Kairouan, katika Tunisia ya leo, msafiri aliyejiita Eldad wa kabila la Dani, akadai kuwa ametoka katika dola ya Wayahudi iliyo ng'ambo ya mito ya Kushi. Wayahudi wa Kairouan hawakumpima kwa sura wala kwa nasaba. Walizisikiliza sheria zake za kuchinja na za kukagua wanyama, alizozisoma kwa Kiebrania, wakaona zinafanana na zao katika mengi na kutofautiana katika machache, wakafadhaika, wakamwandikia mkuu wa chuo cha Sura huko Iraki kumwuliza kama mtu huyu aaminiwe. Mwanachuoni huyo aliwatuliza, akiona kuwa tofauti zaweza kutokea kwa watu waliotengana muda mrefu. Wataalamu wangali wanabishana juu ya nchi halisi ya Eldad, lakini namna alivyotahiniwa yatuonyesha mizani waliyoitumia.

Jirani zetu wa Ethiopia wameijua mizani hiyo kwa muda mrefu: huko Mkristo hakula nyama ya Mwislamu wala Mwislamu ya Mkristo, na Wayahudi wa nchi hiyo, Beta Israel, ambao wengi wao walihamia Israeli katika miaka ya 1984 na 1991, walichinjiwa na watu wao wenyewe. Na Buganda iliijua kwa uchungu mkubwa. Kabaka Mutesa wa Kwanza alifunga Ramadhani kwa takriban miaka kumi na akaujenga msikiti, lakini hakutahiriwa, kwa kuwa mila ya ufalme haikuruhusu damu ya Kabaka imwagwe. Vijana wa ikulu waliosilimu kwa dhati wakakataa kusali nyuma yake, na wakakataa nyama ya ikulu iliyochinjwa na wasiotahiriwa. Mwaka 1876 aliamuru wauawe, na wapatao sabini wakaangamia Namugongo, mahali pale pale ambapo miaka kumi baadaye vijana wa Kikristo nao walichomwa. Watu hawa hawakufa kwa sababu ya kipande cha nyama; walikufa kwa kuwa walijua kwamba kula mchinjo wa mtu ni kuikubali dini yake.

Katika Uganda hiyo hiyo ndimo alimokulia Semei Kakungulu, mzaliwa wa Koki, jemadari hodari aliyeingia Ukristo wa Kiprotestanti na kuwafungulia Waingereza njia ya kuitawala Uganda ya mashariki, akaujenga mji wa Mbale, akitaraji kutambuliwa kuwa mfalme wa Bukedi. Waingereza hawakumpa ufalme huo. Mwaka 1913 alijiunga na Bamalaki, madhehebu yaliyoshika Sabato na kukataa dawa za kizungu, naye akaendelea kuisoma Biblia hata akaona kwamba amri za Agano la Kale hazikutanguliwa. Mwaka 1919 alijitahiri, akawatahiri wanawe, na alipoambiwa na wenziwe kuwa tohara ni jambo la Wayahudi, akasema kwamba basi yeye na watu wake ni Wayahudi. Mwaka uliofuata alifika kwao Myahudi mmoja mgeni aliyejulikana kwa jina la Yosef, akakaa nao miezi kadhaa, akawafundisha kalenda, sikukuu, na sheria za vyakula. Ndipo wale wafuasi wa Kakungulu, waliokuwa wameikuta dini katika maandishi pekee, wakapata mwalimu wa kuwaonyesha mambo ambayo maandishi hayaonyeshi.

Fikirini uzito wa jambo hilo. Tumekwisha kuona kuwa Taurati haisemi namna ya kuchinja. Mtu aliyejitenga na Biblia yake mkononi aweza kuijua Sabato, tohara na wanyama halali, lakini hawezi kukijua kisu ila afundishwe na mtu aliyefundishwa na mtu. Abayudaya, kama wanavyoitwa kwa Kiganda, walijichinjia wenyewe, katika nchi ambayo nyama ya bucha aghalabu huchinjwa na Waislamu, na mwenendo huo ulisaidia kuwatenga na majirani zao kwa amani zaidi kuliko hoja za mimbarini. Kakungulu alifariki mwaka 1928. Jamaa ikagawanyika, wengine wakarudi kanisani. Idi Amin aliipiga marufuku dini yao, wakapungua kutoka watu wapatao elfu tatu hadi mia chache kabla ya serikali yake kuanguka mwaka 1979. Mwaka 2002 wengi wao walithibitishwa katika Uyahudi mbele ya wanazuoni waliotoka nje, na mwaka 2008 Gershom Sizomu, baada ya masomo ya miaka mitano Los Angeles, alipata daraja ya uanachuoni akarudi katika kilima cha Nabugoye, karibu na Mbale, kuwaongoza. Nasadiki kuwa watu hawa hawakudumu miaka mia moja kwa vitabu peke yake. Walidumu kwa mambo ya jikoni pia, ambayo mtoto huyaona kabla hajajua kusoma.

Sasa nirudi karibu zaidi. Hapa Ifakara tuna udugu wa siku nyingi na Waswisi: Mapadre Wakapuchini walioanzisha kazi ambayo hospitali ya Mtakatifu Fransisko ni tunda lake, na Profesa Rudolf Geigy wa Basel aliyeanzisha hapa katika miaka ya 1950 maabara ambayo imekuwa taasisi kubwa ya utafiti wa malaria. Nchi hiyo iliyotutendea mema mengi ndiyo ambayo wananchi wake, kwa kura ya tarehe 20 Agosti 1893, walitia katika katiba marufuku ya kumchinja mnyama asiyepigwa ganzi kwanza, na kwa hiyo wakaupiga marufuku mchinjo wa Kiyahudi, kwa kuwa Wayahudi husema mnyama lazima awe mzima asiye na jeraha wakati kisu kinapomfikia. Waliopiga kura hiyo walitaja huruma kwa wanyama, na naamini wako waliokuwa wakweli. Lakini wanahistoria wameonyesha kuwa chuki juu ya Wayahudi ilikuwa na sehemu yake. Serikali ya Hitler ilitoa sheria ya namna hiyo Aprili 1933, miezi michache tu baada ya kushika madaraka. Katika siku zetu majimbo mawili ya Ubelgiji, Flanders na Wallonia, yamefanya vivyo hivyo tangu 2019, na mahakama za Ulaya zimeyaunga mkono. Rai yangu ni kwamba swali la maumivu ya mnyama ni la haki, na wenye dini wasilikimbie. Lakini aulizwaye awe kwanza yule anayemburuta ng'ombe kwa kamba na kumchinja kwa panga butu, ambaye hana sheria yoyote, kabla ya yule anayekipima kisu chake kwa ukucha.

Nasi hatukusalimika na fitina. Desturi ya Tanzania, ambayo haikuandikwa na bunge lolote, ni kwamba nyama ya kuuzwa kwa watu wote ichinjwe na Mwislamu, ili kila mtu aweze kuila; Wakristo wengi wameikubali kwa ujirani mwema. Mwanzoni mwa mwaka 2013 desturi hiyo iligombaniwa katika mikoa ya Ziwa, na mwezi wa Februari mchungaji mmoja aliuawa Buseresere, mkoani Geita. Damu ya mtu ilimwagika kwa sababu ya damu ya ng'ombe, na hakuna Taurati, Injili wala Kurani iliyoamuru hivyo. Tulifika pale kwa kuwa tulikuwa tumeacha kazi ya mchinjaji ijiendee yenyewe kwa mazoea, bila kumtambua mtu huyo, bila kumfundisha, bila kumwuliza neno. Imani iliyoachwa hivyo haina pa kushika siku ya mtikisiko.

Kwa hiyo nawaombeni, wazee wa misikiti na wa makanisa ya Lumemo, wenye bucha, na ninyi madiwani mliohudhuria, mkae pamoja muwafanyie wachinjaji wetu mambo ambayo yamo ndani ya uwezo wa kata hii. Mchinjaji atahiniwe na wanazuoni wa dini yake, apewe hati, na jina lake libandikwe buchani mahali pa kusomeka. Kisu chake kikaguliwe na mtu wa pili kabla ya kazi kila asubuhi, na kinoo kinunuliwe kwa fedha ya machinjio, kisiwe mzigo wake. Ujira wake na wa mkaguzi uwe sawa, nyama ipite au izikwe. Na kijana anayetaka kujifunza kazi hii akae chini ya mzee anayeijua, muda wa kutosha, kabla ya kukabidhiwa shingo ya mnyama wa kwanza.